Matandazo ya Bustani ya Nyumbani: Yapi Ununue Kwanza na Yapi Uyaache Dukani

Mtu anayelima matuta manne ya mchicha na bamia nyuma ya nyumba hahitaji vitu vingi, lakini kila masika yanapokaribia hujikuta akitoa fedha kwa kitu kimoja baada ya kingine: leo kiroba cha samadi, kesho maranda, keshokutwa chupa ya dawa ya magugu, na mwezi ukiisha palizi iko palepale. Mwongozo huu unapanga vitu vinavyopatikana Dar es Salaam na mikoa ya jirani kwa ajili ya kufunika udongo na kuzuia magugu, yaani matandazo, kuanzia kile ambacho ningekinunua kwanza hadi kile ambacho ningekiacha dukani. Nimevipima kwa swali moja tu: kikishamaliza kazi ya kuzuia magugu, kinauachia udongo nini?

Kabla ya kununua chochote, lijue gugu ulilonalo. Magugu yanayoota kwa mbegu, kama kishona nguo na mchicha pori, hushindwa na karibu kila kitu kinachofunika udongo kwa unene wa kutosha, kwa sababu mbegu nyingi ndogo huhitaji mwanga ili ziote, na zile zinazoota gizani huishiwa akiba kabla ya kufika juu. Ndago ni habari nyingine. Uhai wake uko chini, katika viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga kwenye uzi, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 za juu. Ukipiga jembe unaukata uzi, na shanga zilizokuwa zimelala kila moja huanza kuchipua yenyewe. Ndiyo maana tuta lililopaliliwa kwa bidii Jumamosi huwa limerudi kijani kabla ya wiki mbili kwisha.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilipohamia kwenye kiwanja chenye mchanga mtupu, nilinunua mzigo mzima wa kirikuu wa udongo mweusi kwa muuzaji wa barabarani, udongo mzuri wa kupendeza macho, nikautandaza kwenye matuta yote siku ileile. Wiki ya tatu ndago ilikuwa imejaa hadi kwenye njia ya kwenda bafuni. Laiti ningeuchekecha koleo moja tu kwenye wavu wa kuku kabla ya kulipa, ningeviona vile viazi: vyeusi nje, vyeupe ndani, ukivikwaruza vinatoa harufu kama ya manukato. Tangu hapo sinunui udongo ambao sijauchekecha mbele ya dereva, akinuna na anune.

Mwenye ndago, basi, asianze na matandazo bali na jembe uma, lile lenye meno, kwa sababu linainua udongo bila kukata. Chimba udongo ukiwa na unyevu, okota viazi kwa mkono, vianike juani kwenye bati mpaka vikauke kabisa, wala usivitupe kwenye shimo la mboji. Rudia kila baada ya wiki mbili hivi, kabla majani mapya hayajapata muda wa kulisha viazi vipya. Ukishapunguza idadi, panda matembele. Ndago haipendi kivuli, na matembele yaliyoshikana vizuri huifunika ardhi mchana kutwa huku yakikupa mboga, jambo ambalo hakuna bidhaa ya dukani inayoliweza.

Sasa vipimo, kwa kuwa wauzaji huuza kwa kiroba na viroba havilingani. Tuta la mita 5 kwa 1 likifunikwa kwa unene wa sentimita 7 linahitaji lita 350, yaani debe 17 na nusu za lita 20. Chukua debe lako uende nalo, pima kiroba kimoja, kisha gawa bei. Vitu vinavyoonekana rahisi mara nyingi hupanda bei baada ya hesabu hiyo na nauli ya bajaji, na vingine havimalizi hata msimu mmoja.

Nafasi ya kwanza naipa pumba za mpunga, zile ngumu za nje. Uwe makini na jina, kwa maana mashine nyingi zina pumba za aina mbili, na zile laini za kulisha nguruwe na kuku si za kazi hii: ni ghali, hushikamana zikilowa, huchacha na kuita panya. Pumba ngumu zina silika nyingi, yaani madini magumu kama yale ya mchanga, na kwa sababu hiyo huoza polepole. Mara nyingi tuta nililolifunika mwanzoni mwa masika bado huwa na tabaka la kuonekana wakati wa vuli. Maji ya mvua hupenya bila kuchimba udongo, jua haliugusi mchanga moja kwa moja, na ukiingiza kidole chini ya pumba saa nane mchana unakuta ubaridi na unyevu wakati tuta la jirani limekuwa kama majivu. Zikioza, hubaki udongo mwepesi ambao gugu hung'oka kwa vidole viwili. Msimu mzuri wa kuzitafuta ni kuanzia Juni, mpunga wa Morogoro unapofika kwenye mashine za kukoboa kwa wingi na wenye mashine wanataka nafasi. Hapo mara nyingi unalipia upakiaji na usafiri kuliko pumba zenyewe.

Kasoro zake ni mbili. Zikiwa kavu hupeperushwa na upepo, hivyo zilowanishe mara tu baada ya kuzitandaza. Pia hubaki punje za mpunga ndani yake, na kuku wa jirani wana habari hizo kabla yako. Tuta linaweza kuparuliwa lote kwa asubuhi moja. Weka matawi juu kwa wiki ya kwanza, au zungumza na jirani. Mahali ambapo magugu yamekuwa sugu, tanguliza maboksi yaliyokunjuliwa, yasiyo na rangi ya kung'aa na yaliyoondolewa solotepu, uyaloweshe, uyapandanishe kingo kwa upana wa kiganja, ndipo umwage pumba. Maboksi hayatakuondolea ndago, lakini huichelewesha na kuidhoofisha. Ikiwa kiwanja chako kina mchwa wengi, acha maboksi kabisa, maana utakuwa umewaandalia karamu.

Nafasi ya pili ni nyasi kavu na majani makavu ya migomba, na kwa mtu wa Moshi au Bukoba, ambako mgomba uko mlangoni, ningevitanguliza mbele ya pumba. Huoza haraka na kuulisha udongo kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii. Haraka hiyohiyo ndiyo bei yake: unaanza na sentimita 15, mvua mbili zikipita zimebaki saba, na katikati ya msimu unaongeza. Anayenunua nyasi azifungue mzigo mmoja na kuzipukutisha juu ya kitambaa cheupe. Zikitoa mbegu, ziache, kwa sababu utakuwa umenunua palizi ya miaka miwili. Nyasi nzuri hukatwa kabla ya kuchanua.

Maranda ya mbao yanashika nafasi ya tatu, na lawama nyingi yanazopewa si haki. Watu husema yanaunguza mimea. Kinachotokea ni kwamba mtu ameyachanganya na udongo, na vijidudu vinavyoozesha mbao vikachukua naitrojeni yote iliyokuwapo, kirutubisho kinachoyapa majani ukijani, mchicha ukageuka njano. Yakikaa juu tu, bila kufukiwa, madhara hayo ni madogo mno. Chukua maranda yaliyosokotana, si unga wa msumeno, ambao ukilowa na kukauka huganda kama sakafu na kumwaga maji pembeni. Muulize fundi mbao zimetoka wapi. Nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, mara nyingi zenye rangi ya kijani kidogo, hazifai kabisa karibu na mboga.

Makumbi ya nazi yaliyochanwa ni mazuri kwa pwani na hudumu sana, hasa kuzunguka shina la mpapai au mlimao. Kwa mchicha ni mazito mno. Epuka tu mabaki ya makumbi yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya kutengeneza kamba, kwa kuwa yana chumvi. Makapi ya miwa kutoka kwa wauza juisi hupatikana bure, lakini yaanike siku kadhaa kwanza, la sivyo sisimizi na nzi watahamia kwako.

Nailoni nyeusi naiweka ya tano. Mkulima wa matikiti mwenye mipira ya umwagiliaji wa matone chini yake ana sababu ya kuinunua, maana inazuia mbegu za magugu kabisa na kuhifadhi maji. Bustani ya nyumbani inayomwagiliwa kwa ndoo haina sababu hiyo: maji hukimbilia kwenye njia, mchanga hupata joto kali, na ncha ya ndago, ambayo ni kali kama sindano, huitoboa na kutokea upande wa pili. Baada ya msimu mmoja au miwili inachanika, na utaokota vipande vyake kwa miaka. Haiachi chochote cha maana katika udongo. Kitambaa cheusi kilichofumwa kinachopitisha maji ni bora zaidi, ila kiweke kwenye njia na chini ya vyungu.

Dawa ya magugu ni ya mwisho. Dawa za gilaifoseti huingia kupitia majani mabichi na kushuka hadi mizizini, kwa hiyo zinaweza kuua ndago iliyochipua, lakini kiazi kilicholala bila jani hakiguswi. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka gilaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Baadhi ya mamlaka za udhibiti zimepinga hitimisho hilo, na ubishi haujaisha. Sababu yangu ni ya karibu zaidi: katika eneo la mita 30 za mraba, mvuke mdogo tu wa bomba hufika kwenye nyanya. Dawa za 2,4-D ni mbaya zaidi kwa bustani ya mboga, kwani zinaua mimea ya majani mapana, yaani nyanya, bamia na mchicha wenyewe, na kuacha nyasi. Ukilazimika, nunua chupa iliyofungwa yenye lebo na namba ya usajili. Kamwe usinunue dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Imebaki samadi, ambayo haizuii gugu lakini bila hiyo matandazo yanafunika mchanga tu. Debe moja kwa mita ya mraba, chini ya matandazo, wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, linatosha kwa mboga nyingi. Samadi mbichi ya ng'ombe hubeba mbegu zilizopita tumboni zikiwa hai, na ni joto la mboji iliyowiva vizuri, nyuzi 55 na kuendelea kwa siku kadhaa, linaloziua nyingi. Maneno ya muuzaji kwamba imeiva hayatoshi. Nunua kiroba kimoja kwanza, weka kilo mbili kwenye beseni, mwagilia kila asubuhi na uliache juani. Likijaa miche ya kijani kabla ya wiki mbili, tafuta muuzaji mwingine. Likibaki tupu hadi siku ya 14, mpigie simu yule wa kwanza na uagize viroba vilivyosalia.