Mwewe na Vifaranga: Neti ya Kununua Kigoma, na ya Kuiacha Dukani

Malalamiko ninayoyapokea kutoka kwa wafugaji wa Mwanga, Ujiji na Kasulu yanafanana kiasi kwamba barua moja ingetosha kuwajibu wote. Mfugaji amenunua wavu, ameutandaza juu ya uwanja wa vifaranga, akastarehe; kiangazi kikapita, na siku moja mwewe akashuka, akapenya, akaondoka na kifaranga, huku juu pakibaki tundu la ukubwa wa sinia. Kila mmoja ananiuliza kama alikosea ukubwa wa macho ya wavu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu jua, na kwa maoni yangu hapo ndipo fedha zao zilipopotelea.

Kwanza mnunuzi ajue anamzuia nani. Mwewe mwenye mdomo wa njano, yule anayezunguka juu ya mialo ya Kibirizi na Katonga wanapoanika dagaa, hafikii uzito wa kilo moja na hawezi kumnyanyua tetea mzima. Anachokitafuta ni kifaranga, naye humkwapua akiwa angali anaruka, bila kutua, kwa hiyo anahitaji njia wazi ya kushukia na ya kupandia. Kipanga ni habari nyingine: hujibanza kwenye mwembe, hupita chini chini, na baadhi yao huweza kumuua kuku mkubwa na kumla pale pale alipoanguka. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za mjini kilio ni cha vifaranga, na maana yake ni kwamba huhitaji kufunika uwanja wote. Funika sehemu ambayo tetea atashinda na wanawe kwa takribani miezi miwili ya mwanzo, kisha waachie wazurure. Muuzaji hatakuambia jambo hili, kwa sababu yeye anauza kwa mita.

Sasa tuje kwenye jua. Nailoni ni uzi wenye nguvu sana majini, ndiyo maana wavuvi wetu wanaipenda, lakini mionzi ya jua huivunja kidogo kidogo hata kama hakuna kitu kilichoigusa. Wavu unaotandazwa juu ya uwanja haupati kivuli kuanzia asubuhi hadi jioni, na kiangazi chetu, kinachoanza Mei na kuendelea hadi karibu Oktoba, hakina mawingu ya kuuhurumia. Uzi ulioharibika hupoteza mng'ao, huwa mkavu na mkwaruzo, na ukiusugua kati ya kidole gumba na cha shahada huacha unga mweupe. Ukiutazama kwa mbali hutagundua lolote, kwa kuwa wavu bado unaning'inia vizuri na macho yake yako sawa. Kwa hiyo nakushauri ufanye jaribio dogo ukiwa bado dukani: omba kipande cha uzi wa pembeni, kifunge fundo, kisha ukivute kwa ghafla. Uzi mzima utakuumiza vidole kabla haujakatika, ilhali uliooza utaachia kwenye fundo kabla hujatumia nguvu.

Hapo ndipo ninapogombana na wenye maduka. Wanatundika sampuli mlangoni, upande unaopigwa na jua, ikakaa hapo mwaka mzima ikivutia wateja, na roli ya ndani inapokwisha wanaishusha ile ile sampuli, wanaikunja, na kuiuza kwa bei ya mpya. Nimewahi kuuziwa kipande cha namna hiyo, na nilipokirudisha niliambiwa kwamba neti haina dhamana. Mteja ana haki ya kukatiwa kutoka kwenye roli iliyohifadhiwa ndani, na akinyimwa aondoke na fedha zake.

Nafasi ya kwanza naipa neti nyeusi ya kivuli, ile inayotumiwa kwenye vitalu vya miche. Weusi wake si pambo: plastiki hiyo huchanganywa na masizi ya kaboni, ambayo hunyonya mionzi kabla haijaharibu uzi. Zaidi ya hayo, inamzuia mwewe kuwaona vifaranga vizuri kutoka juu, na kuku wenyewe wanapata mahali pa kupumzika saa za mchana. Sifichi upendeleo wangu kwa neti za A to Z, kiwanda cha Arusha kinachotengeneza vyandarua, kwa sababu napenda kununua kwa mtu ambaye malalamiko yangu yanaweza kumfikia bila kuvuka bahari. Isipopatikana, nunua nyingine yoyote nyeusi ambayo lebo yake inataja kinga dhidi ya mionzi, na ziepuke zile za kijani kibichi zisizo na lebo. Kasoro ya neti hii ni upepo wa ziwa pamoja na majani yanayojikusanya juu yake wakati wa mvua, kwa hiyo pitisha waya mgumu chini yake kutoka nguzo hadi nguzo, na uiinue kiasi cha mtu kupita bila kuinama.

Ya pili ni waya wa kuku. Jua haliuwezi, na kwa mwenye kipanga mkorofi mtaani ningeupandisha hadi nafasi ya kwanza. Tatizo lake ni kutu, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu yake ikiwa nyembamba, unyevu wa ziwani huanza kuula kwenye misokoto. Uliza geji, yaani namba ya unene wa waya, na ukumbuke kwamba namba ikiwa kubwa ndivyo waya unavyokuwa mwembamba, jambo ambalo wauzaji wengine hulitumia kinyume ili namba kubwa ionekane kuwa sifa. Bei yake haina huruma, na kila ukilalamika unajibiwa kwamba mzigo umetoka Dar es Salaam. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Umbali wa kilomita 1,250 hivi si habari mpya ya kupandishia bei kila msimu.

Ya tatu ni nyavu za ziwa zilizostaafu. Zinapatikana kwa urahisi mialoni, na hofu ya wengi kuhusu macho yake haina msingi, kwani mvuvi hupima jicho likiwa limenyooshwa. Wavu anaouita wa inchi 3, ukitandazwa mraba, huwa na upande wa inchi moja na nusu tu, na mwewe hapiti hapo. Kinachozishusha daraja ni hilo jua ninalolisema: ni nailoni, tena imekwisha kuanikwa ufukweni mara nyingi kabla hujaiona. Chukua iwapo imefaulu jaribio la fundo, na uihesabu kuwa ya msimu mmoja. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja mwembamba wa plastiki, usizichukue hata ukipewa bure. Zimepigwa marufuku katika uvuvi, na uzi wake usioonekana hunasa miguu ya vifaranga na ndege wasiohusika.

Tenga la kufunikia linafaa kwa wiki za mwanzo, na ni rahisi. Lisogeze kila siku. Sanamu na santuri zinazong'aa humsumbua mwewe kwa siku chache, kisha anazizoea. Chandarua chenye dawa kina kazi yake kitandani.

Nimeulizwa pia kuhusu vile visanduku vya betri vinavyodaiwa kufukuza ndege kwa sauti ambayo binadamu haisikii. Ndege kwa kawaida hawasikii sauti za juu kuliko tunazozisikia sisi, kwa hiyo mwewe naye hataisikia, na anayekuuzia anapaswa kuona aibu. Sumu iliyotegwa kwenye nyama siiweki katika orodha yoyote: huua mbwa wa jirani na tai, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwaua wanyamapori kwa sumu.

Jambo la mwisho ni kipimo. Mialoni wavu huuzwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na pima ya muuzaji mfupi si pima ya mtu mrefu. Nenda na futi yako ya kukunja, pima urefu na upana wavu ukiwa umetandazwa chini bila kuvutwa, na upatane bei baada ya hapo.