Mchanga au changarawe? Uchambuzi wa sakafu ya tangi kwa koridorasi

Karibuni, watazamaji. Leo ninachambua bidhaa ambayo wengi wetu huinunua mwisho kabisa, baada ya fedha kuishia kwenye kichujio na taa, nayo ni sakafu ya tangi. Ninaichambua kwa ajili ya samaki mmoja tu: koridorasi, yule kambare mdogo wa mito ya Amerika Kusini, mpole, ambaye hukaa chini ya tangi pamoja na samaki wengine bila kumsumbua yeyote. Mezani nina mabakuli matatu. La kwanza lina changarawe ya rangi yenye kingo kali, la pili lina changarawe ya mviringo inayokaribia ukubwa wa dengu, na la tatu lina mchanga laini, wa aina ile inayotumika kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea, ambao chembe zake hazifiki milimita 1.

Kabla ya mabakuli, naomba tumtazame samaki mwenyewe. Huyu aliye karibu na kioo ni jike la Corydoras paleatus, mwenye urefu wa sentimita 6 hivi. Ni spishi ambayo Charles Darwin alikusanya vielelezo vyake katika safari ya meli ya Beagle, na Leonard Jenyns akaieleza kitaalamu mwaka 1842. Mkikuta kwenye lebo jina la Hoplisoma paleatum, msidhani mmeuziwa samaki mwingine, kwani mwaka 2024 wataalamu waliligawa kundi la Corydoras na spishi nyingi zikapewa majina mapya. Ubavuni hana magamba ya kawaida. Ana safu mbili za mabamba ya mfupa yaliyopandana kama vigae. Sasa tazameni anavyokula. Anazamisha pua mchangani mpaka karibu na macho, anakomba kinywa kizima cha mchanga, kisha chembe zinamwagika taratibu kupitia matamvua huku chakula kikibaki ndani. Jambo hili analifanya mchana kutwa, na ndilo linalonifanya niseme kwamba sakafu ni sehemu ya chombo chake cha kulia.

Nikichukua changarawe ya bakuli la kwanza na kuisugua mgongoni mwa mkono, inakwaruza na kuacha mistari myeupe. Kwa koridorasi, siipendekezi hata kidogo. Ya bakuli la pili haikwaruzi, na kwa macho inapendeza, lakini punje zake ni kubwa mno kupita kinywani mwa samaki huyu, na katikati yake kuna nafasi ambamo mabaki ya chakula huzama na kuoza pasipo sisi kuyaona. Hapo ndipo nilipoumia mimi. Nilipoanza ufugaji niliambiwa na muuzaji kwamba changarawe ya mviringo inatosha, nikaamini. Baada ya miezi michache mmoja wa samaki wangu alikuwa amebaki na visiki badala ya sharubu. Nilidhani ni kingo za mawe, lakini nilipoingiza mpira wa kunyonyea uchafu chini ya tabaka la juu yalitoka maji meusi yenye harufu, na nikaelewa kwamba bakteria wa uchafu ule walichangia pakubwa. Ndiyo maana sitawaambia kwamba mchanga peke yake ni dawa: asiyebadilisha robo ya maji kila wiki atapoteza sharubu za samaki wake hata juu ya mchanga laini kama unga.

Bakuli la tatu ndilo ninalolipendekeza, pamoja na kero zake. Mchanga unahitaji kusuuzwa ndoo kwa ndoo mpaka maji yatoke bila vumbi, kazi inayochosha mikono kwelikweli. Kinyesi hukaa juu yake kikionekana wazi, jambo ambalo kwangu ni faida, kwa sababu hunyonywa kwa urahisi ukishikilia mpira sentimita 2 juu ya mchanga. Mdomo wa kichujio uinuliwe, la sivyo chembe zitaingia kwenye pampu na kuiharibu. Unene wa sentimita 3 hadi 5 unatosha. Ukizidi hapo, tabaka la chini hujikaza na kukosa hewa. Mchanga wa baharini uepukwe, kwa sababu vipande vya makombe vilivyomo huongeza ugumu wa maji. Ukitia shaka, dondoshea siki, na ukiona povu uache.

Wakati wa kuwahamisha kwenda kwenye sakafu mpya, tumieni kikombe au bakuli, wala si wavu, kwa sababu mapezi yao ya mgongoni na ya kifuani yana miiba inayosimama na kunasa kwenye nyuzi. Miiba hiyo hiyo ndiyo sababu ya kutowaweka pamoja na samaki wakubwa wenye tabia ya kumeza kila kinachoingia kinywani, kwani humkwama mmezaji kooni na wote wawili wakafa. Tetra, rasbora na gapi ni majirani wanaofaa.

Nataka pia kupinga, kwa moyo wote, desturi ya kumuuza koridorasi kama mfagiaji wa tangi. Samaki huyu hali kinyesi, na haishi kwa makombo ya wenzake. Mpeni vidonge vinavyozama, taa ikishazimwa na samaki wa juu wakiwa wametulia, na mnunueni kwa kundi la 6 au zaidi wa spishi moja, katika tangi lenye urefu wa angalau sentimita 60. Spishi hii ya paleatus hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 23, kwa hiyo anayefuga samaki wa maji ya nyuzi 27 amtafute koridorasi wa spishi ya sterbai, anayevumilia joto hilo. Mkimwona mmoja akipanda ghafla, akagusa uso wa maji na kushuka, amemeza hewa, ambayo huifyonza kwa utumbo. Ni kawaida yake, ila kundi zima likifanya hivyo mfululizo, pimeni amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu majini, siku hiyo hiyo.

Nimalizie kwa kuwaonyesha huyu anayetoka nyuma ya gogo. Ndiye yule aliyebaki na visiki, na sasa ana mwaka mzima juu ya mchanga. Upande wa kulia sharubu zimeota tena, nyembamba kidogo kuliko za wenzake. Za kushoto, zilizoliwa mpaka shinani, hazikurudi. Tazameni anavyoinamisha kichwa upande mmoja kila anapochimba.