Swirl kwa wanafunzi wa masters, uzoefu wangu wa semesta mbili

Kiukweli swirl nilianza kuitumia kwa hasira. Nafundisha takwimu wanafunzi wa masters, wengi watu wazima, kuna manesi, walimu, mabwana shamba, wanakuja jioni wametoka kazini wamechoka, na kila mwaka nakuta tasnifu ambayo majedwali yake kayafanya kijana wa stationery kwa hela. Ukimuuliza mwenyewe hii p-value (namba ya kuonyesha matokeo kama haya yangetokea mara ngapi kwa bahati tu) inasema nini anaangalia dari.

Kwa asiyeijua, swirl ni kifurushi cha bure cha R, ile programu ya kuchambua takwimu kwa kuandika amri, somo linakuja humohumo ndani ya R, linakueleza kitu sentensi mbili tatu halafu haya, andika mwenyewe, ukikosea linakwambia jaribu tena. Bando unahitaji siku ya kupakua tu. Ukichoka unabonyeza Esc, kesho unaanzia ulipoishia. Kozi ya R Programming ina masomo 15 na woga wa kuandika kodi za kompyuta uliisha mapema kuliko nilivyotegemea, kuna mama mmoja nesi alikuwa akiona maandishi mekundu anafunga laptop kabisa, sasa hivi ndo anawaelekeza wenzake.

Shida ni kwamba kuna amri inaitwa skip(), ukiiandika somo linajijibu lenyewe linasonga mbele. Waliigundua siku ya pili 😅 Kwenye skrini wote wamemaliza, kichwani hamna kitu. Na ni Kingereza tupu, mifano yenyewe mimea ya Marekani.

Mmoja akaniambia, ticha, p yangu ni 0.03 kwa hiyo asilimia 97 dhana yangu ni kweli. Nikatoa sarafu ya mia tano mfukoni, nikawaambia tuseme nimerusha mara 10 Karume katokea mara 8, hii sarafu ina kasoro au ni bahati tu? Walibishana weee, kwa Kiswahili, ndo nikawaambia waandike mean(rbinom(10000, 10, 0.5) >= 8), yaani R irushe sarafu nzima mara 10, irudie hivyo mara 10,000, itupe ni sehemu gani imetoka 8 au zaidi, kila mtu akapata kama 0.055 hivi, yaani sarafu isiyo na kasoro yoyote inakupa 8 au zaidi mara 5 na kitu katika kila 100, na hiyo ndo p-value. Yule wa 97 akakaa kimya, mwisho akasema kumbe hapa tumeshakubali kwanza kwamba sarafu ni nzima. Ehee!

Semesta iliyofuata nikaandika masomo yangu kwa swirlify (kifurushi cha kutungia masomo ya swirl), maswali ya Kiswahili, data za mashamba ya mihogo. Ukikosea nafasi moja tu kwenye faili la YAML, lile lenye maandishi ya somo, somo halifunguki, nimekesha kwa hilo. Skip() sihangaiki nayo tena, naanza kipindi kwa kumwita mmoja aje aandike mbele ya wenzake bila swirl.

Kwa kijana wa stationery bado wanaenda, ila wengi sasa ni kubaindi tu.