Trapezi au waya: kipi kimfae nyota wa runinga?

Circus of the Stars, iliyorushwa na CBS ya Marekani kuanzia 1977 hadi 1994, iliwapandisha waigizaji kwenye sarakasi halisi. Kwa nyota mwenye wiki chache tu za mazoezi, trapezi (bembea ya fimbo inayoning'inia juu) inalipa zaidi kuliko waya (kutembea juu ya waya uliokazwa).

Kwenye trapezi, nyota huanza na mtindo wa magoti, yaani kuning'inia kwa magoti. Anashika fimbo, anaruka kutoka jukwaani, anapofika mwisho wa mbembeo anapitisha miguu juu ya fimbo, anaachia mikono na kukunja mgongo huku akitazama mbele. Mdakaji, mwenzake anayening'inia kwenye bembea ya pili, humshika kwenye vifundo vya mikono, siyo vidole, maana vidole huteleza hata vikipakwa chaki. Kosa kubwa ni kuchelewa. Mwili huwa mwepesi pale tu bembea inapofika kilele. Sekunde moja baadaye uzito umerudi na miguu haipandi. Kwa hiyo kocha ndiye anayetoa amri, na nyota hutii bila kuwaza. Mkanda wa kiunoni una kamba mbili zinazopita kwenye kapi hadi mikononi mwa kocha. Nyota akianguka, atue wavuni kwa mgongo. Akitua kwa miguu, kifundo cha mguu kinaweza kuvunjika.

Waya ni salama kuanzia, kwani mazoezi hufanyika chini kabisa, lakini mizani ya mwili haiharakishwi. Anayetazama nyayo zake huyumba. Macho yakae mwisho wa waya. Taa za studio zikimpiga usoni, mwisho huo haonekani tena. Mwelekeo wa taa upangwe mapema, siyo siku ya kurekodi.