4G imejaa hadi juu, video haipandi: uzoefu wangu na E, H+, 4G na 5G

Nauza vitenge Kariakoo. Nusu ya biashara iko dukani, nusu iko kwenye simu: mzigo ukishuka napiga video ya dakika moja, naiweka status, wateja wa mikoani wanachagua. Mtandao ukisuasua, mteja wa Mbeya anahamia kwa jirani. Natumia laini mbili za kampuni tofauti. Sizitaji, maana kila moja ina siku zake.

Kilichonifanya nianze kupima kasi ni hiki. Saa saba mchana, simu inaonyesha 4G, milia yote imejaa, lakini video ya MB 30 inazunguka mpaka chai inapoa. Nikapima: kushusha Mbps 2 (megabiti kwa sekunde, ndicho kipimo cha kasi), kupandisha haifiki hata 1. Kesho yake nikafika dukani saa 12 asubuhi, kabla Kariakoo haijaamka, nikasimama pale pale na simu ile ile na laini ile ile. Mbps 41. Mnara haukuwa umehama, ila mchana tunaugawana watu wengi mno. Ile milia inakwambia simu inausikia mnara vizuri kiasi gani; foleni iliyo mbele yako haikuonyeshi. Ni daladala ya Mbagala saa moja jioni: gari zima, dereva anajua kazi, na wewe umesimama mguu mmoja.

Kijana wa duka la simu akanifundisha kuingia kwenye mipangilio na kuchagua 3G pekee. Nilimcheka. Nikajaribu mchana ule ule: H+, yaani 3G iliyoongezwa kasi, Mbps 6! Wenzangu wote walikuwa wamekimbilia 4G, huku nyuma pamebaki peupe. Kwenye makaratasi H+ inafika Mbps 21, na nyingine 42, mimi sijawahi kuona hata nusu yake, lakini 6 inayotembea naipenda kuliko 4G ya jina. Ubaya wake ni kuchelewa kuitikia. Ukipiga simu ya video, unauliza "umeiona rangi?", unasubiri, halafu mnaongea wote kwa pamoja.

Jambo lingine linalowachanganya wengi: uko kwenye 4G, mtu anakupigia, ghafla inageuka H (3G) au E (2G) na video inakwama. Simu au laini isiyo na VoLTE haiwezi kubeba maongezi juu ya 4G, kwa hiyo inashuka chini mpaka umalize kuongea. Mimi nina mteja mmoja anayependa salamu ndefu. Nimeshapoteza video nyingi kwake.

5G nimeifuata mwenyewe Posta, baada ya kununua simu inayoikubali. Nikajiunga bando la GB 1, nikapima: Mbps 280. Nikapima tena kwa furaha. Nikapima mara ya tatu ili nimtumie kaka yangu picha ya skrini, na picha ikagoma kwenda, bando limekwisha. Hesabu nilikuja kuipiga baadaye: Mbps gawanya kwa 8 ndiyo MB kwa sekunde, kwa hiyo 280 ni MB 35 kila sekunde, na kipimo kimoja kinaweza kula zaidi ya MB 300. Halafu nilipoingia ndani ya jengo ikarudi 4G. Masafa ya juu ya mawimbi ya redio, kama yale ya MHz 3500, yanabeba mzigo mkubwa lakini ukuta wa zege unayashinda.

Masafa ya chini ndiyo yanayofika mbali, na hilo nililielewa Lushoto kwa shangazi. Nilikwenda na simu yangu ya zamani, niliyoinunua used, iliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Inaandika E tu. Picha moja ya MB 3 ilichukua zaidi ya dakika nne. Shangazi akanionea huruma: "Nenda pale kwenye mkaratusi, watu wote huongelea pale." Nikaenda, bado E. Binamu yangu amekaa kwenye benchi lile lile, laini ya kampuni ile ile, simu mpya ya bei ya chini kuliko niliyotoa mimi, anaangalia mpira kwa 4G. Tulipozilinganisha, yake ina bendi (fungu la masafa) ya MHz 800, yangu haina. Kwa hiyo ukinunua simu usiishie kwenye neno 4G lililoandikwa kwenye boksi. Uliza inakubali bendi gani, na kama ni ya laini mbili uliza pia tundu la pili, maana kwenye baadhi ya simu za zamani lile linaishia 3G au 2G.

Sasa hivi 5G nimeizima, mchana nashinda na H+, na video za mzigo mpya napandisha alfajiri. Shangazi nikimtumia picha ya kitenge ananipigia mapema: "Mwanangu, kimefika upindo tu, hebu subiri nione ua."