Nililipia kinga ya rangi ya gari langu, nikarudishiwa mikwaruzo

Nimengoja majuma kadhaa kabla ya kuandika haya, nikitumaini kwamba hasira itapoa. Haikupoa, kwa sababu kila asubuhi nitokapo nyumbani jua huwa limekwisha kulala juu ya boneti ya gari langu na kunionyesha upya nilichofanyiwa. Ninaandika kuhusu mahali nilipolipeleka kupakwa kinga ya seramiki, hapa hapa Mombasa, na zaidi ya hayo kuhusu sentensi moja niliyojibiwa na msimamizi wa pale niliporudi kulalamika. Kazi mbovu ningeweza kuisamehe, maana binadamu hukosea. Ile sentensi bado imenikaa kooni.

Lazima nianze na rangi, kwa kuwa ndiyo iliyogeuzwa kuwa kosa langu. Gari lilitoka Japani likashushwa Kilindini kama mengi tunayoendesha, na rangi yake niliichagua mwenyewe baada ya mabishano yaliyochukua zaidi ya mwezi. Mume wangu alitaka jeupe. Kaka yangu naye alitaka jeupe, na sababu zao hazikuwa za kupuuzwa: rangi nyeupe huakisi joto, vumbi na mikwaruzo midogo haionekani upesi, na siku ya kuuza mnunuzi hasiti. Mimi niliipenda bluu iliyokoza, ile ambayo kivulini hukaribia weusi na juani hufunguka ikawa kama bahari nje ya mwamba, pale maji ya kina yanapoanza. Ndani yake mna chembechembe za metali zinazoshika mwanga, na hizo ndizo zinazofanya rangi ibadilike kila unapolizunguka gari. Nilijua kuwa rangi ya namna hiyo haifichi kitu. Nilijua pia kuwa rangi ya kiwandani haina mbadala, kwa sababu ile ya gereji, hata ikipigwa na fundi hodari, haikaushwi kwa joto la tanuri kama ya kiwandani. Kwa hiyo sikutaka kungoja liharibike ndipo nitafute tiba. Nilitaka kulikinga mapema, na nilikuwa tayari kulipa.

Aliyeishi pwani hahitaji kuelezwa ninachokihofia. Hewa yetu ina chumvi, na mahali popote rangi inapobanduka hadi kwenye bati kutu haichelewi. Maji ya bomba huja na kukatika, hivyo wengi wetu huoshea magari maji ya kisima, nayo yakikaukia juani huacha madoa meupe ya madini ambayo kitambaa hakiyaondoi. Lakini mbaya kuliko vyote ni kunguru. Hawa kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wametapakaa pwani nzima, na mwarobaini ninaoegesha gari chini yake wameufanya makao. Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini asidi peke yake si shida yote. Jua la saa saba hulainisha tabaka la juu la rangi na kulitanua, kisha jioni likipoa hujikunja huku kinyesi kilichokauka kimelishikilia, na ukikiondoa kesho yake unakuta alama imebaki kama kovu. Nilikwisha kuliona kovu la namna hiyo kwenye gari la mume wangu, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, na nililipapasa kwa kidole nikausikia ukingo wake. Seramiki nilielezwa kuwa ni kimiminika chenye silika, yaani madini yale ya mchanga na kioo, kinachopakwa na kushikamana na rangi, kikawa ngozi ngumu inayoyakataa maji na kuchelewesha asidi. Maelezo hayo ni ya kweli, na hilo nitalirudia.

Basi nikaenda. Mahali penyewe panapendeza, pana sakafu inayong'aa na picha kubwa za magari ukutani, na bei niliyotajiwa ilizidi shilingi 30,000. Nilipewa kiti cha plastiki kivulini. Kutoka pale niliweza kuiona kazi yote, na leo ninajilaumu kwa kuona na kunyamaza. Kijana aliyepewa gari langu alikuwa na ndoo moja na sponji moja. Alianza na magurudumu. Nilimwona akiisukuma ile sponji ndani ya rimu, akaizungusha, akaitoa ikiwa na rangi ya majivu kutokana na unga wa breki, akaichovya ndani ya ndoo ile ile, akaikamua mara moja, kisha akaenda moja kwa moja kwenye boneti na kuanza kusugua kwa miduara. Maji ya ndoo yalikuwa yamegeuka kijivu, na kwa pale nilipokaa niliuona mchanga umetulia kwenye kitako. Baadaye gari likasogezwa nje, kwenye jua, na mashine ya kung'arishia ikapitishwa juu ya bati lenye moto. Nikajiambia kwamba hawa ndio wenye ujuzi na mimi ni mteja tu. Jioni ile ile nikakabidhiwa gari, limemetameta chini ya taa zao, na nikaambiwa nisilioshe kwa sabuni kwa juma moja. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa hiyo ya seramiki huhitaji kukaa pakavu saa nyingi kabla ya kuguswa na maji. Usiku huo huo manyunyu yalinikuta njiani.

Nilikuja kugundua nikiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni. Ilikuwa asubuhi, magari hayasogei, na jua lilikuwa limenyanyuka kiasi cha kuigonga boneti kwa mshazari. Nikaona duara la jua limezungukwa na maelfu ya mistari myembamba, yote imepinda kulizunguka, kama utando wa buibui uliofumwa juu ya ile bluu. Nikafikiri ni vumbi. Nikashuka, nikapitisha upindo wa leso yangu, na mistari haikuondoka. Nikasogea kwenye mlango wa dereva, nikaukuta utando mwingine, na kando yake mawimbi marefu ya ukungu yaliyofuata njia iliyopita mashine. Kijana mmoja aliyekuwa akipitisha korosho kati ya magari alisimama, akatazama, akaniuliza kwa upole, "Mama, limesuguliwa na mchanga?" Yeye aliliona jambo hilo kwa mtupo mmoja wa jicho. Nilivuka bahari ile nikiwa sijui ninakokwenda.

Siku iliyofuata nilirudi pale. Nataka niwe mwadilifu: nilisalimu kwanza, sikupandisha sauti, na nilimwomba msimamizi atoke nje anione nikimwonyesha. Hakunyanyuka kitini. Salamu yangu aliijibu akiwa ameinamia simu. Nikaeleza habari za sponji, ndoo na mashine juani. Alisikiliza, au alijifanya kusikiliza, kisha akasema bila kunitazama: "Mama, gari la rangi hii ndivyo lilivyo. Kama hukutaka kuona mikwaruzo, ungenunua jeupe." Akaendelea na simu yake. Wakati huo huo akaingia bwana mmoja mwenye gari kubwa, na msimamizi huyo huyo akasimama, akampa mkono, akamwita mheshimiwa na kumtolea maji baridi.

Nilibaki nimesimama na ufunguo mkononi. Mtu hawezi kuchukua fedha yangu kwa ajili ya kuilinda rangi, akaikwaruza kwa mikono ya watu wake, kisha akaniambia kuwa kosa ni kuipenda. Gari jeupe lingeoshwa kwa sponji ile lingekwaruzwa vile vile, ila mikwaruzo isingeonekana, na mwenye gari angeondoka akishukuru. Maana ya maneno yake, ukiyatafakari, ni kwamba kazi yao huwa hivyo siku zote, na wanachotegemea ni macho ya mteja kutoiona. Nikajiuliza ni magari mangapi meupe ya mji huu yanayobeba utando kama wangu bila wenyewe kujua.

Nilishauriwa nimwone fundi mmoja mzee upande wa Majengo, ambaye amepiga rangi magari tangu mimi sijaanza shule. Nilimwamkia, naye akaniitikia na kuniuliza hali ya nyumbani kabla hajaligusa gari, jambo ambalo peke yake lilinitoa machozi. Alilisukuma gari kivulini, akawasha tochi, akalizunguka taratibu. Akanieleza kwamba rangi ya gari si tabaka moja: juu kabisa kuna lile tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo wao huliita klia, nalo mara nyingi halizidi maikroni 50, yaani ni jembamba kuliko unywele wa kichwani. Mikwaruzo yangu imo ndani ya klia, na seramiki, kwa kuwa ni angavu, imeifunika kama kioo kinavyofunika picha. Ndipo aliponiambia jambo lililonikata maini. Ili kuiondoa mikwaruzo hiyo ni lazima kwanza aisugue ile seramiki niliyoilipia mpaka iishe, kisha apunguze klia kidogo hadi ilingane na chini ya mistari, na klia iliyopunguzwa hairudi. "Mwanangu," akasema, "kazi hii hufanywa mara chache katika maisha ya gari. Wao wamekulia mara moja bure." Bei yake aliitaja ikiwa chini ya nusu ya ile niliyokwisha kulipa, na hakunihimiza. Alinifundisha pia kuosha: ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia, magurudumu yawe na kitambaa chake peke yake, mkono uende kwa mstari ulionyooka na si kwa miduara, gari liwe limepoa, na likaushwe kwa kitambaa laini cha maikrofaiba kabla maji hayajajikausha yenyewe.

Sasa nifike kwenye hukumu, na hapa ninajikuta nikivutwa pande mbili. Dawa yenyewe siwezi kuisema vibaya. Tangu ipakwe, maji hujikusanya matone matone na kuteleza, na juzi kunguru walinichafulia paa lote, nikaliosha kabla ya saa tano na halikubaki doa hata moja. Anayetaka seramiki pwani hii simzuii, mradi ajue kwamba haizuii kokoto wala haizuii sponji yenye mchanga. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba mahali pale pana vifaa vizuri na panastahili kujaribiwa na mtu atakayesimama juu ya vichwa vyao. Baada ya kuyaandika yote haya siwezi tena kulisema hilo. Mteja hapaswi kulinda gari lake dhidi ya watu aliowalipa kulilinda. Msiende. Na kama mmekwisha kwenda, litoeni gari juani asubuhi, msimame kwa mshazari, mtazame kandokando ya duara la jua kabla hamjamalizia malipo.

Yule kijana wa sponji sina chuki naye, ingawa mkono ulikuwa wake. Nilipokuwa ninaondoka siku ile ya malalamiko alinifuata hadi mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ndoo wanayopewa ni moja kwa zamu nzima, na kwamba alikwisha kuomba ya pili. Akaniomba radhi. Ndiye pekee aliyefanya hivyo. Akija kufungua pahali pake nitampelekea gari.

Rangi yangu siibadilishi, na nikirudishwa nyuma nitachagua bluu ile ile. Fundi wa Majengo ataanza na boneti na mlango wa dereva mwisho wa mwezi, nitakapokuwa nimepata fedha, na paa nimemwambia asiliguse. Msimamizi nimempigia simu mara nne kuhusu kurudishiwa walau sehemu ya malipo. Mara ya kwanza alisema atanipigia. Tangu hapo simu inaita mpaka inakatika.