Draiva za gofu za uzito wa kuhamisha: anza na skrubu, rangi baadaye

Mwaka juzi nilinunua draiva ya mtumba, yaani fimbo ya gofu ya kupiga mpira mbali, ile ya kipande cha uzito kinachoteleza kwenye reli chini ya kichwa. Rangi yake ilinimaliza. Kufika shimo la saba pale uwanja wa gofu wa Lugalo, kila nikipiga inalia chaka-chaka. Kedi wangu, anayenibebea fimbo, akashindwa kujizuia: "Mama, umebeba fimbo au kayamba?" Kumbe skrubu imelegea, na spana yake sina. Nikamrudia muuzaji, akaniambia spana inauzwa peke yake.

Ndiyo maana hapa sitaongelea mpira unafika umbali gani. Vichwa hivi karibu vyote ni sentimita za ujazo 460, mwisho wa sheria, na kwa hendikepu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) kama yangu, yadi mbili tatu hazionekani. Ninachouliza ni kimoja tu: uzito unafungwaje?

Ping G430 Max ndiyo ya kwanza, na ndiyo, Ping naipenda, semeni mtakavyo. Kipande kimoja cha gramu 25 huko nyuma, skrubu moja, sehemu tatu za kukifunga. Unapiga kwa mkono wa kulia na mpira unakimbilia kulia kila siku? Kihamishie upande wa kisigino, karibu na mpini, kiuvute kushoto. Hakuna reli ndefu ya kujaa mchanga.

Ya pili ni Titleist TSR3. Reli inayo, lakini uzito unakaa kwenye nafasi 5 maalumu, hauachwi popote. Ila hiyo ni ya mtu anayegonga mpira katikati ya uso wa draiva kila mara. Wewe unamjua? Mimi simjui.

Callaway Paradym naiweka ya tatu kwa sababu ya gramu 15 zinazoteleza. Mimi na reli tumeshaachana. Ukiinunua, weka mswaki wa zamani kwenye begi.

Mtumba: TaylorMade r7 Quad ya 2004, mojawapo ya zilizoanzisha mambo haya, ina vipande vinne, viwili vya gramu 10 na viwili vya gramu 2. Vihesabu kabla hujatoa pesa. Za bei poa zisizo na jina, zitikise sikioni. Zikilia, rudisha mezani.

Spana iwe ile inayotoa mlio inapofika mwisho. Ya fundi baiskeli itaua nyuzi za skrubu. Na kazi hiyo ifanyie nyumbani. Ukihamisha uzito katikati ya raundi kisha ukapiga nayo, unaondolewa mashindanoni.

Wauzaji wetu sasa. Bei kwa dola, picha moja ya WhatsApp iliyopigwa gizani, na ukiuliza spana wanakasirika. Juzi mmoja kanijibu: "Dada, draiva inapigwa, haifungwi."